Land Rover ya 1974 inagoma kuwaka asubuhi tu, mchana haina neno

Mwana_wa_Kigamboni (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba msaada wa wale waliokaa na magari ya zamani kwa muda mrefu, kwa sababu nimefika mahali ambapo kila fundi ninayemwuliza ananipa jibu lake, na kila jibu lina bei yake.

Gari ni Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88, ya mwaka 1974, yenye injini ya petroli ya cc 2286 na kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya Zenith. Lilikuwa la marehemu baba, ambaye alilitumia kwenda shambani Mkuranga mpaka likaishia juu ya mawe chini ya mwembe, na hapo lilikaa miaka tisa. Mwaka juzi nililipeleka gereji likavuliwa lote hadi chesisi. Palipoliwa na kutu pakachomelewa, chesisi ikasuguliwa na kupakwa rangi nyeusi nzito, injini ikafanyiwa ovahoo kamili, na nyaya zote za umeme zikavutwa mpya. Lilitoka Novemba, na kusema kweli likiwa kwenye foleni ya pantoni watu hulipiga picha.

Shida ni asubuhi. Saa kumi na moja na nusu navuta choki (ile ya kuzidishia petroli injini ikiwa imepoa) hadi mwisho, nakanyaga mafuta mara mbili, nageuza ufunguo. Stata inazunguka, si kwa kasi sana lakini inazunguka, na injini haijibu kitu. Nakwenda sekunde kumi, napumzika, nakwenda sekunde kumi nyingine. Mara ya sita au ya saba inakohoa, na cha ajabu ni kwamba mara nyingi inashika palepale ninapoachia ufunguo, kana kwamba ilikuwa inasubiri nikate tamaa. Ikishashika, baada ya dakika tatu inatulia, na kuanzia hapo hadi usiku nikigusa ufunguo tu inawaka, hata kama limeegeshwa saa mbili Posta juani.

Mpaka sasa nimeweka plagi mpya mara mbili, zikiwa na nafasi ya milimita 0.75, pointi zimepimwa kwa geji zikawekwa 0.38, na kondensa, koili (inayotengeneza umeme wa cheche) na betri ya N70 ni mpya. Kabureta imefunguliwa, ikasafishwa na kuwekewa vifaa vipya vya ndani. Waya wa choki nimeshaubadilisha mara mbili tangu Novemba kwa kuwa unakaza, ukiuvuta unakwama njiani. Gereji iliyolitengeneza inasema hiyo ni baridi, kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo, na kwamba dawa ni kuitupa Zenith na kufunga kabureta ya Weber. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta fedha ya hiyo Weber, lakini moyo ukasita. Mnanishauri nini?

Fundi_Mstaafu (Jumapili, saa 3:25 usiku)

Kijana, pole na hongera kwa pamoja, na hiyo fedha ya kabureta iweke kwanza.

Hilo neno la baridi tulitoe mezani mapema. Injini hii ilitengenezwa Solihull, Uingereza, ambako asubuhi ya Januari maji huganda barabarani, na wenyeji wake walikuwa wakiziwasha na kwenda kazini. Ikikataa kuwaka kwenye nyuzi 20 za Kigamboni, baridi haihusiki. Kinachotofautisha asubuhi yako na mchana wako ni kwamba gari limelala. Likilala, petroli iliyo ndani ya bakuli la kabureta hupungua kwa mvuke, hasa ukizingatia joto linalobaki ndani ya boneti baada ya kuzima. Oili huwa nzito kidogo, kwa hiyo stata hubeba mzigo mkubwa zaidi. Tena kuta za manifoldi zikiwa zimepoa, sehemu kubwa ya petroli hubaki matone badala ya kuwa mvuke, na ndiyo maana injini inahitaji choki ili ipate mchanganyiko mzito na cheche yenye nguvu ili iuwashe. Udhaifu wowote kati ya hayo matatu, mafuta, choki au cheche, mchana utafichika na asubuhi utajitokeza. Kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, ningeitazama pia, lakini injini iliyotoka kwenye ovahoo majuzi na inayowaka kwa kuguswa ikiwa na moto siishuku sana, ilimradi valvu zilipimwa na zina nafasi ya milimita 0.25.

Sasa zingatia jambo moja ambalo vijana wengi hulisahau. Injini iliyolala unaipata mara moja tu kwa siku. Ukishaiwasha, ushahidi umepotea mpaka kesho. Kwa hiyo usifanye vipimo vitano asubuhi moja, kwa sababu ikiwaka hutajua ni kipi kilichosaidia.

Asubuhi ya kwanza, kabla ya kugusa ufunguo, nenda kwenye pampu ya petroli ubavuni mwa injini, shika ule mkono mdogo wa kupampu, upampu taratibu mpaka uhisi umelegea na hausukumi tena. Hapo bakuli limejaa. Kisha washa kama kawaida. Ikishika mara ya kwanza, shida yako ni mafuta kuchelewa kufika. Ikigoma vilevile, usiendelee kuichosha betri; baada ya jaribio la tatu vua plagi mbili uzitazame. Zikiwa kavu, petroli haiingii. Zikiwa zimelowa na zinanuka petroli, basi mafuta yapo na kinachokosekana ni moto wa kuyawasha.

Asubuhi ya pili, vua lile bomba la hewa linalotoka kwenye filta hadi juu ya kabureta, mwambie mtu avute choki kutoka ndani, nawe utazame kwa macho yako kifuniko cha choki kinafunga kiasi gani. Usikubali kuambiwa kwamba kinafunga. Kione.

Halafu nijibu swali hili: kwenye yale majaribio saba, ni mara ngapi hasa inashika unapoachia ufunguo? Swali hilo lina uzito kuliko unavyodhani.

Dereva_wa_Mbezi (Jumapili, saa 4:05 usiku)

Namwunga mkono mzee kuhusu kabureta. Mimi nina Peugeot 504 na nilishauriwa vivyo hivyo, nikanunua kabureta, nikalipia na ufundi, na asubuhi iliyofuata gari likagoma kwa mtindo uleule. Ugonjwa ulikuwa kwenye kifuniko cha distributa, ile inayogawa cheche kwa kila plagi, na kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Niliugundua usiku wa mvua za masika, nilipofungua boneti gizani na kumwambia kijana wangu apige stati: cheche za buluu zilikuwa zikitembea juu ya kifuniko badala ya kwenda kwenye plagi. Wewe unakaa karibu na bahari, na unyevu wenye chumvi hauna huruma na vitu hivyo. Kifute kifuniko ndani na nje kwa kitambaa kikavu usiku kabla ya kulala, ufute na nyaya za plagi, uone kama asubuhi itabadilika. Ni jaribio lisilo na gharama.

Binti_wa_Gerezani (Jumatatu, saa 1:15 asubuhi)

Mimi ni fundi umeme wa magari, na swali hili nimelisoma mara mbili kwa sababu kuna sentensi ambayo naona wote tumeiruka. Kaka anasema waya wa choki ameubadilisha mara mbili tangu Novemba kwa kuwa unakaza. Waya wa choki ni waya wa chuma unaoteleza ndani ya ganda. Ukiwa mpya unapaswa kudumu miaka. Haufi mara mbili ndani ya miezi michache isipokuwa kuna kitu kinauua.

Kaka, ulipoutoa ule waya wa kwanza, uliangalia plastiki yake? Ilikuwa imesinyaa, imeyeyuka, au ina alama ya kuungua? Je, umewahi kuugusa baada ya yale majaribio saba ukahisi una joto?

Ninauliza kwa sababu hii. Injini ya gari hilo imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Ili stata izunguke, umeme wote unaotoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni waya mmoja mnene wa athi unaounganisha injini au giaboksi na chesisi. Waya huo ukifungwa vibaya, umeme hautakubali kubaki. Utatafuta njia nyingine yoyote ya chuma iliyoungana na injini, na njia iliyo karibu mara nyingi ni waya wa choki au wa akseleta. Waya mwembamba namna hiyo ukipitisha mkondo wa stata hupata moto, plastiki ya ndani inalainika, inaganda, na kesho yake choki inakaza. Unanunua mpya, nao unaungua.

Na wewe umesema kwamba chesisi imepakwa rangi nzito. Rangi nayo haipitishi umeme. Magari yaliyofanyiwa matengenezo makubwa huja kwangu na ugonjwa huu kuliko magari mabovu ya kila siku, kwa sababu gari bovu bolti zake zina miaka arobaini zikiwa zimeumana na chuma kitupu, lakini gari zuri kila kitu kimefungwa juu ya rangi inayong'aa.

Kipimo chake ni cha dakika mbili. Toa waya mnene unaotoka katikati ya koili kwenye kifuniko cha distributa na uuguseshe kwenye chuma cha injini, ili injini isiwake. Weka multimita kwenye volti za betri. Ncha moja iguse kichwa chenyewe cha hasi cha betri, si kibanio chake; ncha ya pili iguse chuma kisafi cha injini, mahali pasipo na rangi. Mwenzako apige stati kwa sekunde tano. Namba utakayoiona ni volti zinazopotea njiani wakati wa kurudi, na mimi sipendi izidi 0.3. Ukiwa hapohapo, pima pia volti kati ya vichwa viwili vya betri, na volti kati ya chanya ya koili na injini, vyote wakati stata inazunguka. Namba zilizosomwa stata ikiwa imetulia hazitusaidii, kwa sababu waya mbovu usiopitisha mkondo huonyesha volti nzuri tu.

Fundi_Mstaafu (Jumatatu, saa 1:50 asubuhi)

Binti amenitangulia, na amelieleza vizuri kuliko ambavyo ningelieleza mimi. Ndiko nilikokuwa nikielekea na lile swali la ufunguo. Kijana, fuata vipimo vyake, lakini usiache kutazama kifuniko cha choki.

Mwana_wa_Kigamboni (Alhamisi, saa 3:10 usiku)

Mzee wangu, shikamoo. Dada wa Gerezani, asante sana. Nimechukua siku tatu kwa sababu nimetii lile agizo la kipimo kimoja kwa asubuhi moja.

Jumanne nilipampu kwa mkono. Mara nne tu ule mkono ukalegea, kwa hiyo bakuli halikuwa limekauka. Injini iligoma vilevile, na plagi mbili nilizovua zilikuwa zimelowa chepechepe. Kifuniko cha distributa nilikifuta tangu usiku uliotangulia, na sikuona mabadiliko.

Jumatano nilivua bomba la hewa. Mke wangu alivuta choki mpaka mwisho, nami nikaona kwa macho kwamba kifuniko kinafika kama robo tatu ya njia na kusimama. Nilipokisukuma kwa kidole kilifunga chote, maana yake kabureta haina kosa na kinachokwama ni waya. Nikauvua. Mahali unapobanwa kwenye kishikizo chake karibu na kabureta, plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuvimba, na rangi yake imegeuka kahawia. Ule wa kwanza nilikuwa nimeutupa, lakini wa pili bado uko kwenye boksi la vifaa, na una kovu palepale.

Leo asubuhi nikapima. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6. Stata ikizunguka, vichwa vya betri vilisoma 10.2. Kati ya hasi ya betri na injini nilipata 1.6, nikadhani nimekosea, nikarudia mara tatu, ikawa 1.6. Kati ya koili na injini ilikuwa 7.7. Baada ya hapo niliingia chini ya gari nikagusa bolti inayoshika waya wa athi kwenye chesisi, nayo ilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Bolti nyingine ya pembeni yake ilikuwa baridi.

Sijafungua chochote bado. Nilitaka kwanza kuelewa ninachokitazama.

Binti_wa_Gerezani (Alhamisi, saa 4:00 usiku)

Umefanya vizuri kutofungua. Unachokitazama ni hiki.

Stata ya injini kama hiyo ikiwa imelala huvuta takriban ampea 200. Ili volti 1.6 zipotee kwenye mkondo wa namna hiyo, inatosha ukinzani wa omu 0.008, kiasi ambacho multimita ya kawaida ikiwekwa kwenye omu haitakionyesha kabisa. Ndiyo maana fundi anayepima athi kwa mlio wa mita atakuapia kwamba iko sawa. Zidisha volti 1.6 kwa ampea 200 upate wati 320. Wati zote hizo zinageuka joto kwenye ile bolti na kwenye waya wako wa choki.

Sasa njoo kwenye cheche. Koili yako, kama ni ile ya kawaida ya volti 12, ina ukinzani wa omu 3 hivi. Ikipata volti 12.6 inapitisha ampea 4.2, ikipata 7.7 inapitisha ampea 2.6 hivi. Nguvu inayohifadhiwa kwenye koili haipungui kwa uwiano huo tu, inafuata mraba wa mkondo, kwa hiyo unabaki na zaidi kidogo ya theluthi moja ya cheche uliyostahili. Cheche hiyo ndiyo unayoitaka iwashe plagi zilizolowa, tena asubuhi, tena choki ikiwa haijafunga. Haiwezi.

Na hapo lile fumbo la ufunguo linafumbuka. Unapoachia, stata inaacha kula, volti zinarudi juu mara moja, lakini injini bado ina mzunguko mmoja au miwili ya mwendo iliobaki nao. Katika mizunguko hiyo koili inapata volti kamili, cheche inakuwa nono, na petroli uliyoirundika kwa majaribio sita inashika. Mtu akiniambia gari lake linawaka linapoachiwa, sina haja ya kusikia mengine. Ama volti zinapotea wakati wa stati, ama swichi imefungwa vibaya na inakata umeme wa koili ufunguo ukiwa kwenye stati. Kwako ni la kwanza, kwa sababu 7.7 si sifuri.

Mchana halionekani kwa kuwa injini yenye moto huzunguka kwa wepesi, stata hula kidogo, na mvuke wa petroli upo tayari, hata cheche dhaifu inatosha.

Kabla hujafungua, thibitisha. Kesho asubuhi chukua waya mnene wa jampa, upande mmoja banisha kwenye hasi ya betri, upande mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha washa gari, choki ukiisaidia kwa kidole ifunge. Ikishika haraka, fungua bolti ile, piga brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae upande wa chesisi na upande wa giaboksi, weka washa ya meno, kaza, kisha paka grisi juu ili kutu isiingie. Fanya hivyohivyo mahali hasi ya betri inapofungwa kwenye chesisi. Waya wenyewe, ule wa shaba iliyosukwa, ukiwa umegeuka kijani au nyuzi zimekatika, usiuonee huruma. Waya wa choki ununue wa tatu, lakini usiufunge kabla athi haijapona, maana utanunua wa nne.

Hizo volti 0.9 zinazopotea upande wa chanya kati ya betri na koili si nzuri sana, lakini si ugonjwa. Safisha vibanio vya betri na viungo vya swichi, kisha pima tena. Wapo watakaokushauri ufunge rilei (swichi ya kuipa koili umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri), mimi nisingefunga.

Kijana_wa_Tabata (Ijumaa, saa 2:30 asubuhi)

Samahani kwa kudandia. Mimi nina Corolla ya mwaka 1979, na yangu ni kinyume: asubuhi inawaka vizuri, lakini nikizima mchana kwa dakika ishirini inagoma mpaka ipoe. Je, inaweza kuwa athi pia?

Fundi_Mstaafu (Ijumaa, saa 2:55 asubuhi)

Hapana, hiyo yako ni habari ya joto. Petroli inachemka kwenye bakuli au kwenye bomba baada ya kuzima, na injini ama inakunywa kupita kiasi, ama inakosa kabisa. Ikigoma namna hiyo usivute choki. Kanyaga akseleta mpaka chini, ushikilie hapo bila kuipigapiga, piga stati. Kisha tazama bomba la petroli linapita wapi, na kama ile gasketi nene inayokinga joto chini ya kabureta ipo. Anzisha mada yako tuijadili pekee, ili hii isichanganyike.

Mwana_wa_Kigamboni (Jumapili, saa 12:20 jioni)

Ijumaa asubuhi, na jampa ikiwa imefungwa na kidole cha mke wangu kikiwa kwenye choki, injini ilishika kwenye jaribio la kwanza. Aliruka nyuma kwa mshtuko, kwa sababu hakuwa ameizoea.

Jana nilishinda siku nzima chini ya gari. Nilipoifungua ile bolti, chini ya kichuma cha waya wa athi palikuwa na duara la rangi nyeusi, zima, laini, limeng'aa kama siku lilipopakwa. Chuma kilikuwa kimegusana na chuma kwenye meno ya bolti tu. Upande wa hasi ya betri palikuwa vivyo hivyo. Nimekwangua kote, nimeweka waya mpya wa kusukwa, washa za meno na grisi. Sasa mita inasoma 0.12 stata ikizunguka. Nilichokitambua kabla hata ya kusoma mita ni sauti: stata ambayo nilidhani ndiyo kawaida yake inazunguka mara mbili ya kasi ya zamani. Waya wa choki wa tatu umefungwa, na kifuniko kinafunga chote.

Leo asubuhi imewaka kabla sijamaliza kusema bismillahi.

Mwana_wa_Kigamboni (wiki tatu baadaye, Jumatano, saa 1:40 usiku)

Narudi na swali la mwisho. Kila asubuhi gari linawaka mara ya kwanza au ya pili. Lakini wiki iliyopita nilisafiri Tanga kwa siku tano, na niliporudi lilinichukua majaribio manne. Nimepima athi, bado ni 0.12. Je, ugonjwa umerudi kwa mlango mwingine?

Fundi_Mstaafu (Jumatano, saa 2:20 usiku)

Huo si ugonjwa, ila hakikisha. Siku tano za joto la huku zinatosha kulikausha bakuli la kabureta, na pampu yako inaendeshwa na kamu, ule mhimili unaofungua valvu, ambayo huzunguka nusu ya mwendo wa injini. Stata inapozungusha injini mizunguko 150 kwa dakika, pampu inapiga mara 75 tu, yaani kwa sekunde kumi za stati unapata mapigo kumi na mawili au kumi na matatu. Majaribio yako mawili ya kwanza yalikuwa ni kuteka maji kisimani.

Gari likilala zaidi ya siku tatu, pampu kwa mkono kwanza. Na hapa usidanganyike: ukikuta ule mkono umelegea tangu mwanzo na hausukumi kitu, si lazima bakuli liwe limejaa, huenda kamu imesimama ikiwa imeisukuma pampu hadi mwisho. Gusa ufunguo kidogo injini izunguke nusu, ujaribu tena.

Hesabu mapigo. Ulisema zamani kwamba baada ya usiku mmoja yalikuwa manne. Yakibaki manne baada ya usiku mmoja na kuwa mengi baada ya siku tano, huo ni mvuke, na pampu iache. Lakini yakianza kuwa ishirini baada ya usiku mmoja, petroli inarudi tangini kupitia valvu ya pampu, au kuna mpira wa bomba unaovuta hewa, na hapo tutazungumza.

Mwana_wa_Kigamboni (Jumatatu, siku kumi na mbili baadaye, saa 1:05 usiku)

Nimeliacha makusudi kuanzia Jumanne hadi Jumapili nikawa natumia daladala. Jana yalikuwa mapigo ishirini na sita, na mkono ukawa mgumu kidogo mwishoni kabla haujalegea. Likawaka mara ya kwanza. Leo, baada ya usiku mmoja, yalikuwa manne. Pampu nimeiacha ilivyo, na choki nairudisha ndani nikifika kwenye lami, kama baba alivyokuwa akifanya.